Mwaka Maandazi Yaliposinyaa

Mafuta ya kukaangia yakirudiwa mara nyingi huwa na harufu yake. Si harufu ya kuungua, wala si ya kuchacha. Ni harufu ya mafuta yaliyochoka, kama mtu aliyefanyishwa kazi kutwa nzima na jioni akaambiwa asiondoke kwanza. Wiki iliyopita, hapa Mbeya ninapoishi na mjukuu wangu, nilisimama kwenye banda la binti anayeuza chipsi karibu na soko. Akaniambia kwa adabu, ameinamia karai lake, "Bibi, sahani imepanda tena. Viazi vimepanda, mafuta ndiyo usiseme." Nikamjibu, "Haya, mwanangu." Nyuma yangu watu wakaanza kulalamika, kila mmoja na bei yake mdomoni, huyu sukari, yule gesi. Ile harufu ilikuwa imeshanirudisha Iringa, katika miaka ya hamsini, kwenye mwaka mmoja ambao nyumbani kwetu haukuzungumzwa.

Nawasimulia ninyi, kwa kuwa waliokuwa wakiukwepa wote wameshatangulia.

Tulikuwa watu wanne. Baba alivunja kokoto za barabara. Alikuwa mtu mkimya, mwenye vidole vilivyopasuka, na kila jioni mama alimpaka samli kidogo kwenye zile nyufa huku baba akitazama pembeni kama mtoto anayetiwa dawa. Mama aliuza maandazi pale malori yalipokuwa yakisimama, chini kidogo ya soko. Mimi, Rozalia, nilikuwa wa kwanza, na ndiyo maana watu walimwita mama yangu Mama Roza. Nilikuwa na miaka kama kumi. Aliyenifuata ni Yustina, miaka sita. Tulikaa katika vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa kwa madebe yaliyonyooshwa, na mwezi wa sita, upepo wa Iringa ulipoanza kukata masikio, madebe yale yalipiga kelele mpaka ukasahau kama yanapiga.

Kazi ya maandazi ilianza kabla ya jogoo. Mama alichota unga, akatia sukari, chumvi, iliki aliyoitwanga kwa kitako cha chupa, na hamira. Kukanda kulikuwa kwangu. Viungo vya mikono ya mama vilikuwa vikimuuma, na kwenye baridi vilikakamaa kabisa, kwa hiyo tangu nikiwa na miaka minane mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Nilikanda nikiwa nimepiga magoti, beseni katikati ya mapaja, mpaka jasho likanitoka na baridi ikanisahau. Mama alikata, akakaanga. Yustina hakuwa na kazi. Alikaa karibu na moto akiwa amejifunga blanketi mpaka kidevuni, akiyapa maandazi majina.

"Huyu ni padri," alikuwa akisema, akionyesha lililovimba vizuri. "Huyu ni mke wa dereva. Huyu ana mimba. Huyu, maskini, amekosa baba."

Lililokosa baba ni lile lililopasuka au kuungua upande mmoja, ambalo halingeuzika. Hilo lilikuwa la kwake, na mimi najua, na mama alijua, kwamba wakati mwingine alilitazama andazi zima kabisa na kulitangaza yatima. Mama alicheka, akampa.

Yustina alipenda kula kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Si kwamba alikuwa mlafi. Alikula polepole, amefumba macho, na kabla hajameza tonge la mwisho aliuliza, "Na kesho tutakula nini?" Baba alikuwa akimtania, "Mwanangu, meza kwanza ya leo." Lilikuwa neno la nyumbani kwetu. Hata jirani akija na habari ya mambo ya mbele, baba alimjibu, "Tumeze kwanza ya leo."

Andazi la mama lilikuwa na ukubwa wa ngumi ya baba. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Na bei yake ilikuwa senti tano tangu nilipopata akili. Mimi nilidhani bei ya kitu ni kama jina lake la ubatizo, kwamba kitu huzaliwa nayo na kufa nayo. Sikujua kama bei hutembea.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa yametoa mbelewele tu, na wanawake wa Kalenga, waliokuwa wakileta mizigo ya mahindi mjini kwa kichwa, wakaanza kuja na vikapu nusu, kisha wakaacha kuja. Debe la mahindi likapanda. Baada ya mahindi, kama vile vitu vilikuwa vimeshikana mikono, vikapanda sukari, unga wa ngano, mafuta. Nilikuwa nikienda dukani na mama. Mwenye duka, Bwana Jivan, alikuwa mzee mwembamba aliyekuwa akifunga sukari kwa karatasi ya kaki, akiikunja kama kofia. Kofia zile zikawa zinapungua kimo. Siku moja mama alitoa pesa yake ileile ya ratili moja, akaipima kofia kwa mkono, halafu akamtazama.

"Bwana Jivan, hii ndiyo ratili?"

"Mizani hiyo hapo, Mama Roza. Ratili ni ileile, pesa yako ndiyo haifiki ratili tena. Hata mimi nanunua hivyo. Nikiuza kwa bei ya jana, kesho sina duka."

"Na mimi nikiuza kwa bei ya kesho," mama akasema, "leo sina mteja."

Wote wawili wakacheka. Nakumbuka nilifurahi kuwasikia wakicheka, nikaona mambo si mabaya.

Mama hakupandisha bei. Alisema senti tano ndiyo inayokaa mfukoni mwa mvunja kokoto, na hatatia mkono mahali pasipo na kitu. Badala yake alipunguza. Andazi likatoka kwenye ngumi ya baba likawa ngumi ya mama. Wateja walitazama, wakanyamaza. Baada ya majuma machache likawa ngumi yangu mimi. Hapo ndipo walipopata maneno.

"Mama Roza, hili ni andazi au kifungo?" aliuliza dereva mmoja. "Nilishone kwenye koti?"

"Andazi ni lilelile, shemeji," mama akajibu. "Mdomo wako ndio umekua."

Watu wakacheka sana, na asubuhi ile tukauza yote. Lakini kicheko hakirudi mara mbili kwa neno lilelile. Mama akaanza kuchanganya unga wa mahindi kwenye ngano. Unga ule ulikuwa mgumu kukanda, ulikatika katika mikono, na maandazi yalitoka mazito, yakibaki yamekaa tumboni kama jiwe la shambani. Iliki aliiacha. Sukari akaiacha nusu. Mafuta aliyarudia mpaka yakawa meusi na kunuka ile harufu niliyowaambia.

Mwisho akajaribu kupandisha. Kwa siku mbili aliuza kwa senti kumi, maandazi ya ukubwa wa zamani, na siku zote mbili alirudi nyumbani na beseni kama lilivyoondoka. Tukayala jioni, mengi, bila kupimiana. Yustina alishika moja kila mkono. Akasema, "Mungu aendelee kupandisha bei."

Baba akacheka mpaka akakohoa, akafuta macho. Sikumbuki kumsikia akicheka vile tena.

Kulikuwa na fundi viatu mmoja, Mzee Chengula, aliyekuwa akishona makubazi ya matairi karibu na mama. Huyu alikuwa mteja wa kila siku. Zamani alikula maandazi matatu na kikombe cha chai. Akaja kwenye mawili. Akaja kwenye moja, alilolikata vipande vinne na kula kwa kupumzika. Kisha asubuhi moja akaja mikono mitupu, akachuchumaa mbele ya jiko.

"Kamwene," akasalimia, kama desturi ya Wahehe.

"Kamwene, Mzee. Nikupe moja?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuota moto tu."

Akawa anakuja kila asubuhi kuota moto. Mama alimkaribisha kwa heshima ileile ya zamani, akasogeza beseni upande wa pili ili lisimkae machoni. Mimi, mtoto, nilimwona kama mzee asiye na haya. Nilimkasirikia kwa kutumia moto wetu bila kununua.

Nyumbani tulipunguza pia. Ugali wa mara mbili ukawa wa mara moja. Maharage yakawa ya Jumapili. Siku nyingine tulikula majani ya maboga yaliyochemshwa na chumvi, mama akiyagawa kwa upawa, na Yustina akauliza lile swali lake la kesho, na hakuna aliyemtania. Akazoea kulijibu mwenyewe: "Kesho tutakula maboga yenyewe." Mama aliuza sufuria kubwa. Kisha akauza kanga aliyoolewa nayo. Baba alikuwa akipewa mshahara uleule, na kila mwezi alipouweka mezani mama aliutazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekonda.

Ndipo ujumbe ulipokuja kutoka Rujewa. Shangazi Eliza, dada yake baba, aliolewa huko, kwenye mbuga za Usangu, na mume wake alikuwa na ng'ombe na majaruba ya mpunga. Dereva mmoja alileta maneno yake: huku mpunga umekubali, mifereji ina maji, kama hali ya mjini ni mbaya nileteeni mtoto, yule mkubwa, anilelee mtoto wangu mdogo na kufukuza ndege shambani, atakula pamoja na wangu.

Baba alituambia Jumapili baada ya misa, jua likiwa limewaka vizuri, tukiwa tumekaa nje. Mama alikuwa akichagua mawe kwenye maharage machache ya siku ile. Neno lililoingia sikioni mwangu lilikuwa moja tu: wali. Kwetu wali ulikuwa wa Krismasi, kijungu kidogo, na mwaka uliopita hata Krismasi haukuwepo. Nikaruka.

"Mimi! Nitaenda mimi, baba!"

Mama hakuinua kichwa. "Ataenda Yustina."

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Eliza ameomba mkubwa."

"Nimesikia alichoomba," mama akasema. Alikuwa ameshika jiwe dogo kati ya vidole viwili na hakulitupa. "Ataenda Yustina."

Baba akasimama, akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nikalia kwa sauti kubwa. Nililia kwa wivu, ndugu zangu, wivu mtupu, na nilimwambia mama kwamba anampenda Yustina kuliko mimi, ndiyo maana ananiachia unga mgumu na kumpeleka mwenzangu kwenye wali. Mama aliendelea kuchagua maharage. Yustina alinijia, akanishika sikio, akasema, "Usilie. Nitakuwekea ukoko."

Aliondoka siku ya Jumanne asubuhi, juu ya lori la mizigo, pamoja na mwanamke mmoja aliyekuwa akienda Makambako na aliyeahidi kumtazama njiani. Mama alikuwa amenunua unga wa ngano mtupu, kidogo, sijui aliuza nini tena, akanifanya nikande, akakaanga andazi moja la ukubwa wa ngumi ya baba. Lilikuwa na sukari na iliki. Akampa Yustina. Akamvalisha sweta langu, jekundu, lililotoboka viwikoni, na hilo nalo likanichoma, kwani kila mtu alijua Rujewa ni joto. Baba alimuuliza dereva, "Utamfikisha mikononi mwa shangazi yake mwenyewe?" Dereva akasema atamfikisha. Baba akauliza tena, maneno yaleyale, na dereva akaitika tena bila kuudhika.

Lori lilipowaka Yustina alisimama juu ya magunia, mwanamke yule amemshika kiuno. Shavu lake lilikuwa limejaa andazi.

"Roza! Kesho nakula wali!"

Nilimgeuzia mgongo. Lori likapita nyuma yangu nikasikia vumbi lake shingoni, na sikumpungia mkono. Sikugeuka mpaka mlio ulipokwisha.

Nilikuwa nimetarajia kwamba mdomo mmoja ukipungua, chakula kitaonekana. Hakikuonekana. Bei zilikula fungu la Yustina kabla halijafika mezani. Asubuhi nilikanda peke yangu na hakukuwa na mtu wa kuyapa maandazi majina. Wakati mwingine mama alitaka kutaja mojawapo, nikamwona akifungua mdomo, kisha akaligeuza lile andazi.

Mimi niliendelea na wivu wangu. Nilikuwa nimeutunza vizuri. Dereva alileta salamu mara moja: Yustina yupo, amenenepa, anafukuza ndege kwa kombeo na kuimba mpaka shamba la pili. Mama alimfanya azirudie zile salamu mara tatu. Mimi nilienda kuchota maji ili nisisikie. Jioni tuliposali rozari na kuwataja walio mbali, zamu yangu ilipofika nilimtaja bibi, nikamtaja padri, jina la mdogo wangu nikaliruka. Nilifanya hivyo kwa miezi. Niliona kwamba mtu anayekula wali hahitaji kuombewa.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeanza wakati mume wa shangazi alipokuja. Ilikuwa adhuhuri. Mama alikuwa bado pale malori, beseni halijaisha, na mimi nilikuwa pembeni yake nikifukuza nzi. Tulimwona akishuka kwenye lori, mtu mrefu mwenye shuka begani, kisha akashusha nusu gunia la mchele akalibeba mwenyewe. Alipotukaribia mama hakumsalimia. Alilitazama lile gunia, na kabla yule mtu hajafungua mdomo, mama akakaa chini, pale penye majivu.

"Kamwene, shemeji," mimi nikasikia Mzee Chengula akimsalimia mgeni kwa niaba yetu. Mgeni akaweka gunia chini, akamgeukia mama.

"Ni homa," alimwambia mama. "Siku nne tu. Tulimpa dawa za miti, tukambeba kumpeleka kwenye zahanati, lakini mto ulikuwa umejaa." Akatafuta maneno. "Jua lilikuwa kali, watu wote tunatoka jasho, yeye anasema baridi, baridi. Akaomba sweta lake. Tulimzika nalo."

Mama akauliza, "Alikuwa anakula?"

"Mpaka homa ilipomshika, alikuwa anakula vizuri sana."

Mama akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata jibu la jambo la kazi. Mzee Chengula alilifunika beseni letu kwa kitambaa, akalibeba mpaka nyumbani. Hakuna andazi lililopungua njiani. Nililitazama beseni lile, najua.

Watu wakaja kuhani. Zamani msiba ulikuwa na unga wa huyu na maharage ya yule, lakini mwaka ule watu walikuja na mikono na machozi tu, na waliona aibu, wakakaa pembeni. Waombolezaji lazima wale. Baba na mume wa shangazi walizungumza kwa kunong'ona, kisha lile gunia likafunguliwa.

Nawaambia ukweli, kwa kuwa nimeshakuwa mzee na sina wa kumficha. Wali ule ulinukia nyumba nzima. Punje zilikuwa ndefu, nyeupe, kila moja imekaa peke yake. Watu waliinamisha vichwa wakala, na ulisikia vijiko tu. Mimi nilikula sahani yangu yote. Kisha nilinyoosha sahani kwa mama, nikaomba tena. Mama alinitazama muda mrefu. Macho yake hayakuwa na hasira. Akaniongezea, na akaniwekea ukoko juu.

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza, na nililia nikiendelea kutafuna.

Baada ya siku za msiba mchele ulibaki kama nusu ya ulivyokuja. Unga wa ngano ulikuwa umepanda tena. Jirani yetu mmoja, mke wa dereva aliyetoka pwani, alikuwa na kikaango cha vitumbua, akamwazima mama na kumwonyesha namna. Mama akaloweka mchele ule, akautwanga, akaukoroga na hamira na sukari kidogo. Haukuhitaji kukandwa. Nilikaa na mikono mitupu nikamtazama akimimina.

Watu walivipenda vile vitumbua kuliko walivyopenda maandazi wakati wowote. Vilikuwa laini, vimeumuka, na kwa kuwa mchele haukuwa wa kununua, mama aliviuza kwa senti tano, vikubwa. Beseni lilikwisha kabla jua halijapanda. Madereva walirudi. Hata Mzee Chengula akaja na senti zake, akanunua kimoja, akauma, akasimama na kutafuna kwa macho yaliyofumbwa.

"Mama Roza," dereva mmoja mgeni akauliza, "utamu huu umeutoa wapi?"

"Rujewa," mama akasema.

Mzee Chengula akaacha kutafuna. Aliweka kile kitumbua kilichobaki kwenye karatasi, akakikunja, akaondoka nacho, na sikumwona akikimaliza.

Kwa majuma kama matatu tulikula mara mbili kwa siku. Kisha mchele ukaisha. Mama alilikung'uta gunia, akalikunja, akarudisha kikaango cha watu. Kesho yake hakwenda kwenye malori, wala kesho kutwa. Baba alipata kazi ya kuchuma chai upande wa Mufindi, kule Igowole, tukahamia kwenye vyumba vya vibarua, na mama hakuuza chakula tena maisha yake yote. Mahindi yalipatikana mwaka ule. Watu walisema njaa imekwisha, na kweli ilikwisha. Lakini bei zilizopanda hazikushuka. Nilizisubiri. Nilidhani mvua ikirudi na zenyewe zitarudi mahali pake, kama mto unavyorudi kwenye kingo. Senti tano ya andazi sikuiona tena.

Nilipokuwa mkubwa nilikuja Mbeya, nikapata kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali moja. Kila masika walitufikia watoto kutoka Usangu wamefungwa mgongoni, wanatetemeka kwenye joto. Muuguzi mmoja mzee alinifundisha kuwatenga kwa macho. "Wa huko huko wanapigana na malaria," aliniambia. "Hawa waliotoka kwenye baridi, Iringa, Njombe, Mufindi, damu yao haimjui mbu. Wazee wa milimani wanajua. Tangu zamani hawapeleki mtoto mdogo mbugani." Alisema hivyo akikunja mashuka, na aliendelea kukunja, na mimi ilibidi nitoke nje nishike ukuta.

Walijua. Baba alipokwenda nyuma ya nyumba siku ile, alijua. Dereva aliyeulizwa swali moja mara mbili asiudhike, alijua. Mama, aliyekaa chini alipoona gunia, alikuwa amekaa akilingojea tangu Jumanne ile. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naona wali.

Miaka mingi baadaye, baba ameshafariki, nilimuuliza mama. Alikuwa mzee, mikono yake imepinda kabisa.

"Mama, kwa nini Yustina, na si mimi?"

Akasema, "Wewe ulikuwa unakanda." Kisha akaitazama ile mikono yake, akasema, "Na yeye alikuwa anapenda kula. Nikasema, basi, akale."

Sijui lipi kati ya hayo mawili lilikuwa la kweli zaidi, na nadhani hata yeye hakujua. Nimetafuta maisha yangu yote mtu wa kumlaumu. Nimemjaribu Bwana Jivan, nimemjaribu shangazi, nimemjaribu mama, nimejijaribu mwenyewe na mgongo wangu niliougeuza. Hakuna anayetosha. Kila mmoja alikuwa amebanwa na aliye juu yake, naye akapunguza alichoweza kukipunguza. Mama alipunguza andazi, akapunguza sukari, akapunguza mlo, akauza sufuria na kanga. Siku ile nje ya nyumba, ameshika lile jiwe, alikuwa amebakiwa na watoto wawili.